Jicho, riso, enkong'u: nani alimkopa nani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naendesha bodaboda, kijiwe chetu kipo Kwa Mrombo, Arusha, ila nyumbani ni Vunjo. Wiki iliyopita mwenzetu alikuja jicho limevimba, mdudu alimwingia njiani, na ubishi ukaanzia hapo. Mwenzetu wa Tanga anasema 'jicho' ni Kiarabu kama Kiswahili chote. Abiria mmoja, mwalimu wa sekondari, akasema 'macho' yametoka kwenye 'kucha': kukikucha macho hufunguka, ndiyo maana kuna 'macheo'. Mimi nikasema bibi yangu huita riso, wingi meso, kwa hiyo Waswahili wamechukua kwetu Uchagani. Jamaa yetu Mwarusha naye akasema kwao ni enkong'u, tena neno hilohilo ndilo la chemchemi, na kwa vile Kiswahili nacho kina 'jicho la maji', basi wamechukua kwao. Tumewekeana kreti la soda. Nani analipa? Na mbona wingi wake ni macho, si majicho?"

Marahaba, mwanangu. Mwambieni huyo mwenzenu ashushe kioo cha helmeti akiwa barabarani, maana barabara zetu zikikosa vumbi zina wadudu. Halafu tukae na hiyo kreti ya soda.

Wa Tanga ndiye mwepesi kuliko wote, nimtoe njiani kwanza. Kwa Kiarabu jicho ni 'ayn. Mtu anayetaka kunionesha njia ambayo 'ayn ilipita mpaka ikawa jicho, aje na chakula, maana tutakaa sana. Kiswahili kimekopa Kiarabu kweli, na kimekopa kwa wingi: vitabu, sheria, dini, biashara, saa na tarehe. Hata damu na roho tumezipata huko. Lakini ukishuka kwenye viungo vyenyewe, kichwa, mkono, mguu, pua, sikio, moyo, ini, goti, utakuta ni maneno ya nyumbani. Ndivyo ilivyo kwa lugha nyingi: mtoto hujifunza kutaja jicho na pua akiwa bado mgongoni mwa mama, kabla hajakutana na mfanyabiashara yeyote.

Abiria wenu mwalimu ndiye mgumu, kwa sababu maelezo yake ni matamu. Kunakucha, macho yanafunguka, jua linachomoza machoni pa watu, na kuna macheo. Hadithi nzuri hivyo mtu hukubali kabla hajaichunguza, na mimi mwenyewe niliwahi kuifundisha darasani miaka hiyo, Mungu anisamehe. Kosa lake ni kwamba inatazama Kiswahili peke yake, na ndani ya Kiswahili peke yake 'ch' ya macho na 'ch' ya kucha zinafanana kama mapacha. Toka nje ya nyumba uwaulize majirani. Waganda jicho wanaliita eriiso, na kukucha wanasema okukya. Huku kuna s, kule kuna k. Yangekuwa neno moja, yangebeba sauti moja kwao kama kwetu.

Kilichotokea kwetu ni kwamba sauti mbili tofauti za kale zilikuja kukutana kwenye 'ch'. Moja ilitokana na k iliyofuatwa na i na irabu nyingine. Hii unaifahamu bila kwenda shule: ki- ya kitu na kikombe ikikutana na irabu inakuwa ch, ndiyo maana tuna chakula, chombo na chumba, si kiakula wala kiombo. Kucha na macheo viko upande huo. Ya pili ilikuwa sauti nyingine kabisa, ambayo wataalamu wa Kibantu huiandika kwa herufi c, na ndiyo iliyomo ndani ya jicho.

Hapa ndipo bibi yako anapoingia, na naomba usimchekee, maana ndiye shahidi mkuu. Au tuseme mchekee kidogo, kwa sababu neno la kucheka ndilo litakalotusaidia. Panga haya mawili sambamba. Kiswahili: jicho, cheka. Kiganda: eriiso, seka. Kikuyu: riitho, theka. Kizulu: wingi wa jicho ni amehlo, na kucheka ni hleka. Umeona? Kila lugha imechagua sauti yake, Waganda s, Wakikuyu th, Wazulu hl, sisi ch, na kila mmoja ameishikilia sauti yake katika maneno yote mawili. Sasa nenda Vunjo umuulize bibi neno la kucheka. Atakupa s ileile ya riso.

Ukipata ulinganifu wa namna hiyo, neno baada ya neno, lugha baada ya lugha, huo si mkopo. Mkopo huja kama mgeni, na mara nyingi husahau kubadilisha nguo. Ulinganifu wa namna hii huja na ukoo. Mjerumani Carl Meinhof alipochapisha kitabu chake kuhusu sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, kazi kubwa aliyoifanya ilikuwa hiyohiyo ya kupanga maneno sambamba na kuuliza nani kabadilisha nini. Waliomfuata wakaendelea, na leo shina la neno hili linaandikwa -ico, mali ya lugha mama ya Kibantu iliyozungumzwa miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita, upande wa mpaka wa Nigeria na Kamerun wa leo. Kutoka huko watoto wake wakasambaa. Wengine walifika kwenye miteremko ya Kilimanjaro wakawa wanasema riso, wengine wakafika pwani.

Kwa hiyo hoja yako, mwanangu, ina nusu ya ukweli. Riso na jicho ni ndugu wa tumbo moja. Lakini ndugu hamkopeshi ndugu jina la babu, wote wamelirithi. Mchaga hakumpa Mswahili, wala Mswahili hakumpa Mchaga.

Kabla sijamfikia Mwarusha, nimalize la jicho na macho, maana nalo lina utamu wake. Jino wingi wake ni meno, kwa sababu ma- ikikutana na -ino, a na i huungana kuwa e. Kwa hesabu hiyo ma- na -icho zilipaswa kutoa mecho. Na kweli wapo waliofuata hesabu: bibi yako anasema meso, Wazulu wanasema amehlo. Wakikuyu hawakutaka kuunganisha, wakaacha zote mbili zikae: maitho. Wanyarwanda na Wachewa wakaibakiza a: amaso kwa wale, maso kwa hawa. Kiswahili kwenye jino kikafuata njia ya e, kwenye jicho kikafuata ya a, ndani ya mdomo huohuo, na viungo vyenyewe havijaachana hata shibiri moja. Mimi sina shida na hilo. Lugha haikukaa chini na kikokotozi.

Na majicho? Yapo, ila hayana kazi hiyo. "Alinitolea majicho" ni macho makubwa, ya kutisha au ya kukera. Hapo tumesahau kwamba ji- ya mwanzo ilikuwa kiambishi, tukaichukua kama sehemu ya shina, tukaongeza ma- juu yake. Tumefanya vilevile kwenye kijicho, na kijicho chenyewe hakikubaki kuwa jicho dogo tu. Kimekuwa jina la husuda. Mtu akisema "ana kijicho yule", hakuna anayefikiria ukubwa wa mboni zake.

Nikitaja pwani, kuna jambo linalonigusa mwenyewe. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilipata mwanafunzi aliyekulia kwa shangazi yake Mombasa. Katika insha akaandika "mato yangu yalijaa matozi". Nikamchorea mistari miwili ya wino mwekundu na kumpunguzia alama. Miaka baadaye ndipo nilipokuja kusoma tenzi za kale kwa makini na kukuta mato na matozi yamejaa tele. Kimvita na lahaja za kaskazini husema mato ambapo Kiunguja husema macho, teka ambapo sisi ni cheka, kitwa ambapo sisi ni kichwa. Yule mtoto alikuwa sahihi kabisa, ila alikuwa sahihi kwa Kiswahili cha Mombasa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa hiyohiyo ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakisambaza mashuleni. Siku ile wangechagua vingine, leo ningekuwa nakata alama za wanaoandika macho.

Hayo matozi, yaani machozi, nayo yanastahili kutazamwa, kwa sababu yanatufungulia mlango wa Mwarusha. Angalia Kikuyu: macho ni maitho, machozi ni maithori. Wachewa: macho ni maso, machozi ni misozi. Neno la jicho limo ndani ya neno la chozi tangu lugha mama. Wazee wetu walipotaka kuyapa jina maji yatokayo jichoni, walilitanua jicho lenyewe.

Sasa jamaa yako Mwarusha. Anachosema ni kweli tupu: kwa Kimaa, lugha ya Waarusha na Wamasai, enkong'u ni jicho na enkong'u ni chemchemi. Nimesikia wengi wakieleza kuwa hata milima ya Ngong, kule karibu na Nairobi, jina lake limetokana na enkong'u e muny, jicho la kifaru, yaani chemchemi aliyokuwa akinywea kifaru. Ni kweli pia kwamba Kiswahili kina "jicho la maji" kwa maana ya mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini, ingawa siku hizi wengi wamezoea chemchemi na wachache tu husema jicho.

Lakini sikiliza sauti za maneno yenyewe. Enkong'u na jicho havigusani popote. Huwezi kuzipanga sambamba kama tulivyopanga seka na theka. Isingewezekana hata kidogo, kwa sababu Kimaa si Kibantu. Ni lugha ya Wanilo, ina ukoo wake na njia yake ya kufanya wingi. Enkong'u moja, inkonyek nyingi: hakuna ma- hapo wala dalili yake.

Kilichofanana ni wazo. Na wazo hili halina mwenyewe. Waarabu jicho ni 'ayn, chemchemi ni 'ayn. Mji wa Al Ain kule Falme za Kiarabu umepata jina lake hapo. Waajemi jicho ni chashm, chemchemi ni chashma. Watu wasiojuana, wenye lugha zisizojuana, wamesimama mbele ya maji yanayotoka ardhini na wote wamesema: ardhi ina jicho.

Ukitaka kujua kwa nini, usikae Kwa Mrombo. Panda basi la Moshi, shuka Boma Ng'ombe, chukua bodaboda ya wenzako mpaka Kikuletwa, pale watu wanapopaita Chemka. Fika asubuhi kabla ya wageni kuanza kujirusha majini. Maji yale ni bluu, yamekaa kwenye duara chini ya mizizi ya miti, yanang'aa yakikutazama, na yanatoka chini bila kuonekana yanatoka wapi. Jicho lina duara, lina ung'avu, na linatoa maji. Mimi sihitaji nadharia zaidi ya hiyo. Na kwa mtu wa Uchagani, ambako babu zake walikuwa wakiyashusha maji kutoka juu mpaka mashambani kwa mifongo, yaani mifereji, au kwa mfugaji aliyetembea siku nzima na ng'ombe kwenye nyika kavu, mahali maji yanapotokea si pa kupaita shimo tu. Wamaa wameyapa maji majina kila mahali hapa kwetu, angalia Ngarenanyuki, maji mekundu, na kwao engare ni maji. Chemchemi ikapewa jina la kiungo ambacho mtu hukilinda kuliko vyote.

Ndiyo maana huwaambia wanafunzi kuwa kuna kufanana kwa sauti na kuna kufanana kwa wazo, na kila kimoja kina ushahidi wake. Sauti zikilingana kwa mpangilio, tafuta ukoo au mkopo. Wazo likilingana bila sauti, mara nyingi tafuta tu macho ya binadamu na kitu alichokuwa anakitazama. Jamaa yako ameona cha pili akadhani ni cha kwanza.

Si kila tundu lakini huwa jicho. Waingereza husema sindano ina jicho. Sisi tukakataa, tukaipa tundu, na hata ngamia wa kwenye Biblia ya Kiswahili hupambana na tundu ya sindano. Ila kiazi tumekipa macho, pale panapochipua, na mkulima wa mihogo atakuambia kipande cha kupanda kiwe na macho ya kutosha. Kwangu mimi hiyo inaonesha Kiswahili kinatakaje: jicho ni mahali kitu kinapotokea, maji, chipukizi, chozi, na si kila kitobo chenye duara.

Kuna maana nyingine ambazo hamkuziuliza lakini kijiwe chochote kinaziishi. "Kuwa macho" ni kutolala, na baadaye kuwa mwangalifu. Mlinzi wa usiku yuko macho kwa maana zote mbili, akijaliwa. Mwenye "macho makavu" hana haya, na hapo unaona tena maji yanavyohusika: jicho lenye aibu linadhaniwa kuwa na unyevu. "Jicho la nje" ni la mume au mke asiyetosheka na wa nyumbani. "Kukata jicho" mnakujua, abiria akitajiwa bei ya kwenda Njiro usiku. "Macho hayana pazia" husemwa kujitetea na mtu aliyeonekana akitazama alichokatazwa. Na "ukipenda, chongo utaita kengeza" sijaona lugha inayousema upofu wa mapenzi kwa ufupi kuliko huo. Pwani mama hupaka wanja usoni mwa mtoto ili jicho baya likutane na wanja kabla ya uso. Mambo hayo si ya Waswahili pekee, ila wao ndio walioyapa maneno mengi.

Neno moja nitawaongezea bure, kwa sababu ndilo ninalolipenda kuliko yote ya usoni: mboni. Wabantu wengi husema bona kwa kuona. Wazulu wakisalimiana, sawubona, maana yake tumekuona. Kiswahili kiliiangusha b hiyo kikabaki na ona. Lakini b ikiwa nyuma ya m haikuanguka. Ndiyo maana ni watu wawili, bali nyumba mbili. Basi ndani ya mboni b ya kale imejibanza mpaka leo: mboni ni ile inayoona. Kitenzi kimepoteza sauti yake, jicho limeitunza.

Magonjwa ya macho nayo yana majina ya kishairi kuliko dawa zake. "Mtoto wa jicho" ni lenzi inayopata ukungu. "Vikope" ni trakoma, na jina limelenga pabaya penyewe, kwa maana ugonjwa ukikomaa kope hugeukia ndani zikakwaruza jicho. Kama uvimbe wa mwenzenu haujaisha hadi leo, au anaona ukungu, asiendelee kupakwa maziwa ya mama wala majani ya kuambiwa. Hospitali zipo, na ukiwa upande wa Moshi KCMC wana idara ya macho.

Haya, kreti. Wa Tanga alipe chupa kumi, kwa sababu hakuwa na hata sauti moja ya kumsaidia. Mwalimu wa sekondari mtamtafuta wapi, alishashuka. Mkimpata alipe nane, na mbili zake nitazilipa mimi kwa kuwa nami niliwahi kufundisha hadithi yake. Wewe mwenye bibi ulipe mbili tu, umesema ndugu ukadhani mkopo. Zilizobaki ndizo mbili za jamaa yako Mwarusha, azilipe mwenyewe, ila moja ifunguliwe kwanza apewe yeye, maana bila enkong'u yake swali hili lisingefika kwangu.